Mkono Unaojua Kutong'arisha

Kuanzia Alhamisi jioni, barabara ya Rongo kwenda Homa Bay hujaa magari ya kutoka Nairobi. Wikendi ni ya mazishi, na mazishi huku kwetu hayaendewi kwa gari chafu. Siku hizi, katikati ya Prado nyeupe na Probox za kazi, hupita moja mbili zenye rangi isiyong'aa, ile ya mati, nyeusi kama sufuria ya kuni. Watu hugeuza shingo. Waosha magari hukuna vichwa.

Wana haki ya kukuna. Kazi yao yote imejengwa juu ya mng'ao. Kijana hufunzwa na waliomtangulia kwamba gari halijatakata mpaka mwenyewe ajione mlangoni. Hapo ndipo anapoongezewa hamsini ya chai. Mati humnyima ushahidi huo. Anayeiosha vizuri, ustadi wake mwingi umo katika yale anayojizuia kuyafanya, na ustadi wa namna hiyo ni nadra kupata wa kuusifu.

Siri iko kwenye laka. Laka ya kawaida hukauka ikiwa laini, na mwanga ukiipiga hurudi wote upande mmoja. Laka ya mati huchanganywa na chembe ndogo, aghalabu za silika, zinazoacha vilima na vibonde visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukifika hapo hutawanyika. Sasa mpe polishi mtu mwenye bidii. Atavisaga vilima, doa libaki likimeremeta mlangoni, na hapo hakuna dawa ila kupaka upya paneli nzima. Nta nayo hujaza vibonde. BMW wenye rangi zao za Frozen, na Mercedes-Benz wenye za magno, huwaonya wateja wasizipitishe kwenye mashine za brashi.

Lakini vitabu vyao vya mwongozo havikuandikwa kwa ajili ya Ghuba ya Winam, huku kwetu Ziwa Victoria. Hapa vijidudu vya ziwani hufuata taa usiku na kukaukia kwenye bampa. Ndege ndio usiseme. Nimemtazama kijana mmoja akishughulikia kinyesi cha ndege kwenye boneti. Hakukikwangua. Alilowesha kitambaa kwa maji yenye sabuni kidogo, akakitandika juu yake, akaenda kuosha mikeka. Mwenye gari akaishiwa subira.

"Kijana, si upige presha tu?"

"Ngoja kidogo, jaduong'. Kitaachia chenyewe."

Akarudi, akakiinua kitambaa wima bila kukiburuta, akakunjua upande safi, akatandika tena.

Maji yenyewe yana hila. Ya ziwa hubeba tope, na chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye sponji inatosha kuchora mstari usiofutika. Kwa hiyo huachwa yatulie kwenye pipa kwanza. Ya visima vingi yana chumvichumvi: yakikaukia juani huacha madoa meupe, ambayo kwenye gari jingine polishi ingeyamaliza. Na Homa Bay iko nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Jua la saa tano asubuhi halimngoji mtu asuuze. Mwosha hodari huanza mapema, au hutafuta kivuli kisicho cha mti wenye viota. Sabuni ya unga ya kufulia huiweka kando, kwa kuwa ni kali. Ndoo ni mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, na taulo hugandamizwa, halisuguliwi. Wale wanaoingiza gari ziwani mpaka magurudumu yazame siwasifu hata kidogo: grisi na sabuni huishia kwenye maji ambayo watu wanayateka, na kanuni za ubora wa maji zinakataza kuyachafua.

Kule Migori, tatizo si maji bali ni barabara. A1 inapita Awendo, penye malori ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Sony, ikashuka hadi Isebania mpakani. Ukiiacha kuelekea machimbo ya dhahabu ya Macalder unakutana na vumbi. Lami nayo hurukia chini ya milango. Dawa ya mtaani ni kitambaa chenye petroli na mkono wenye nguvu, vitu viwili ambavyo mati haivitaki. (Magari mengine ya mati, kusema kweli, hayajapakwa rangi; yamevishwa vinyl, na mwenyewe akichoka hubandua.)

Linaloniudhi ni bei. Ubao wa kituo cha kuoshea magari hutaja saluni, pikapu, matatu, lori. Ukubwa ndio kipimo. Gari la mati hulipiwa kama saluni nyingine yoyote, hata likila asubuhi nzima, na mwenyewe hulizunguka akitafuta mng'ao asiuone. Ningekuwa na kituo changu ningeongeza mstari kwenye ubao: mati, mara mbili, malipo kabla ya kuosha.