Bao la Kujifunza: Hesabu Tamu Kuliko Zote Nimeiona Tabora

Jamani, kama una mtoto wa miaka mitano nyumbani, acha kila kitu unisikilize! Chombo bora cha kumwingiza mtoto kwenye hesabu nimekiona Tabora, chini ya mwembe. Kimechongwa kwa mninga, hakitaki betri wala bando. Ni bao! Si bao la kiswahili la wazee, lenye sheria zake za nyumba na kunamua, bali ndugu yake mdogo, bao la kujifunza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulikalia pamoja na watoto, na mpaka sasa moyo unanidunda.

Tazama linavyopangwa. Safu 4, mbili za kila mchezaji, kila safu mashimo 8, kila shimo kete 2. Basi safu moja ina kete 16, upande mmoja 32, ubao mzima 64. Mtoto anayepanga kete ameshapita 16, 32, 64 kwa vidole vyake mwenyewe, na neno kuzidisha bado hajalisikia! Mji huu una mazoea na hesabu za namna hiyo. Karne ya 19, misafara iliyotembea kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipopumzika hapa Unyanyembe, nguo ilipimwa kwa mikono: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Bila kujua kuongeza maradufu, sokoni ungepunjwa mchana kweupe.

Sasa uhondo wenyewe. Unachota kete za shimo moja, unazisambaza mojamoja kwenye mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikitua kwenye shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ikitua kwenye shimo lako la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, unakula! Ikitua penye kete bila kula, unachota zote na kuendelea.

Binti mmoja wa chekechea alikuwa akichagua kati ya mashimo mawili, moja la kete 3, jingine la kete 4. Hakugusa kitu. Alinyoosha kidole, akakirusha hewani shimo kwa shimo: "Moja, mbili, tatu." Akakunja uso. "Hapa nitalala." Akahamia shimo la pili, akahesabu upya hadi nne, akaona kidole kimesimama juu ya kete zake, na ng'ambo kaka yake amejaza. "Hapa nakula!" Nilitamani kupiga vigelegele! Hakuna aliyemwamuru ahesabu. Alihesabu kwa sababu bila kuhesabu hali. Hiyo ndiyo siri ya bao lote: namba inamjibu mtoto papo hapo.

Na kuna fumbo ambalo kila mzazi anapaswa kulijaribu leo hii. Anza mchezo, mtoto achote kete 2 za shimo la safu ya mbele, azisambaze, na anapokula kete zako 2, simamisha mchezo hapo hapo. Muulize mtoto: umenizidi kwa ngapi? Atasema mbili. Mwache ahesabu: yeye ana 34, wewe 30. Nne! Katika bao kete iliyoliwa haitoki ubaoni, inahamia kwa aliyeila, na 64 hubaki 64 hadi mwisho. Kuongeza na kutoa vimetokea kwa pigo moja. Mtoto akishaliona hilo, macho yanamtoka.

Utafiti nao una la kusema kuhusu michezo ya namna hii. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walichapisha matokeo kutoka Marekani: watoto wa chekechea wa familia zenye kipato kidogo walicheza mchezo wa ubao wenye namba 1 hadi 10, vipindi 4 vya dakika 15 hadi 20 ndani ya wiki mbili. Walipanda katika kuhesabu, kutambua namba na kulinganisha idadi, na wiki 9 baadaye faida ilikuwa bado ipo. Waliochezea ubao wa rangi bila namba hawakupata faida hiyo. Basi chukua chaki, andika 1 hadi 8 kando ya mashimo!

Yapo ya kuangalia. Ubao wa kawaida umepimwa kwa mikono ya watu wazima, na kwa mtoto mdogo safu zote 4 ni nyingi. Anza na safu moja kwa kila mchezaji, kusambaza na kula tu. Safu ya nyuma ingojee. Mwenye chini ya miaka mitatu asiachiwe kete, zitaishia mdomoni. Na baraza la bao limezoeleka kuwa la wanaume; tafadhali, wasichana wakalishwe mbele kabisa.

Je, ununue? Nunua, naam, tena kesho! Mwalimu wa chekechea asiye na fungu, chimba mashimo 32 uwanjani, tuma watoto wakuletee kokoto 64, na kuokota kwenyewe kuwe somo la kwanza. Sijaona kifaa cha kufundishia kinachompa mtoto hesabu nyingi hivi kwa gharama ndogo hivi, na mtoto akakulilia umrudishie.