Pambano na Haki ya Kujibu: Michoro ya Kejeli ya Uingereza na Shairi la Makunganya

Tarehe 21 Machi 1829, Waziri Mkuu wa Uingereza, Duke wa Wellington, alipambana kwa bastola na Earl wa Winchilsea huko Battersea, London, kwa sababu ya tuhuma zilizochapishwa gazetini. Hakuna aliyejeruhiwa, na wachoraji wa kejeli waliligeuza pambano hilo kuwa kichekesho. Waliochekwa walikuwa hai na wenye uwezo wa kujibu. Hapo michoro hiyo inakaribiana na malumbano ya washairi wa Kiswahili, ambamo ubeti wa uchokozi husubiri ubeti wa jibu.

Shairi la Makunganya, lililohifadhiwa na Carl Velten, linakiuka kaida hiyo. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje mwaka 1895. Shairi linamhukumu kama mwasi ilhali hawezi tena kujibu. Kulisoma kama masimulizi ya vita pekee ni kuliacha swali la msingi: nani amenyimwa ubeti? Uhakiki huu unahitimisha kwamba shairi hilo ni hukumu iliyovaa vazi la pambano, na kwamba halina budi kusomwa sambamba na kumbukumbu simulizi za Kilwa zinazomhusu Makunganya.