Istilahi za Mkao wa Mgonjwa katika Eksirei

Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg mwaka 1895, mitambo imebadilika sana. Jambo moja halikubadilika: mtambo huongozwa kwa vitufe, bali mwili wa mgonjwa huongozwa kwa maneno. Neno likikosewa, mkao hukosewa. Na mkao ukikosewa, picha hurudiwa na mgonjwa huongezewa mionzi asiyoihitaji. Au vibaya zaidi, picha hairudiwi, na daktari husoma ugonjwa usiokuwapo. Kwa hiyo yafaa istilahi za fani hii zipimwe kwa kipimo hiki: je, zinamfikisha mgonjwa mahali anapotakiwa?

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Wapo watakaopendelea "msimamo", lakini neno hilo limekwisha kuelemewa na maana ya siasa na itikadi. Tena si kila mgonjwa husimama. "Mlalo" nalo humwacha nje aliyesimama. "Mkao" lafaa zaidi, kwa kuwa kukaa katika Kiswahili si kuketi tu, bali ni kuwa katika hali fulani. Chini yake yaje maneno tuliyorithi: wima, chali, kifudifudi, ubavu. Hayo hayahitaji kuundwa upya.

Istilahi ya "picha ya mbele" haina budi kukataliwa. Je, kilicho mbele ni mtambo au bamba la kupokea picha? Katika picha ya kawaida ya kifua, mgonjwa husimama kifua chake kikigusa bamba, na mionzi humwingia mgongoni. Moyo, ulio upande wa mbele, huwa karibu na bamba, na kivuli chake hakitanuki sana. Akilazwa chali na mionzi ikaingia kifuani, moyo huwa mbali na bamba na kivuli hukua. Asiyejulishwa tofauti hiyo aweza kudhani moyo umevimba. Basi tuseme "picha ya nyuma-mbele" na "picha ya mbele-nyuma", kwa kufuata njia ya mionzi.

Amri nazo ni sehemu ya istilahi. "Usipumue!" ni amri fupi, lakini ina kasoro: mgonjwa huzuia pumzi pale pale neno lilipomkuta, pengine baada ya kuitoa. Mapafu hayajajaa, kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo kiko juu, na moyo huonekana mpana. Amri sahihi ina hatua tatu: "Vuta pumzi sana, izuie, sasa pumua." Vivyo hivyo "nyooka" haitoshi. Mgonjwa aambiwe alete mabega mbele ili makombe ya mabega yasifunike mapafu, wala asijipinde. Akijipinda, ncha za ndani za mitulinga yake hazitakuwa na umbali sawa kutoka mstari wa uti wa mgongo.

Mwisho ni alama za pande. Mwenye ari ya kuzisanifu atakwama mara moja, kwani kulia na kushoto yote huanza kwa K. Hapa ari iupishe usalama. Wako watu waliozaliwa moyo ukiwa upande wa kulia. Pasipo alama isiyo na shaka, nani atajua kama picha imegeuzwa? Herufi R na L, zinazofahamika kwa matabibu wa mataifa mengi, zibaki. Lakini katika mazungumzo tukumbuke asili ya neno letu: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, nao ni wa mlaji mwenyewe. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwa mpiga picha anayemkabili.

Orodha ya istilahi za eksirei isipitishwe, basi, kabla amri zake hazijatamkwa mbele ya wagonjwa wa kila rika, ikaonekana kama wanazitii bila kushikwa mkono.