Bodi Mpya, Ethi ya Zamani

Ukibadilisha bodi ya umeme bila kujua ethi ya nyumba inaishia wapi, umebadilisha sanduku tu. Nyumba ya Ngamiani, Tanga, ninayoichambua hapa ilikuwa na mein swichi ya chuma na fyuzi za kufunga waya, zile za kigae zenye alama nyeupe ya ampea 5, bluu ya 15 na nyekundu ya 30. Kwenye kishikio chekundu tulikuta nyuzi za kamba ya pasi zimesokotwa pamoja. Fyuzi iliyofungwa hivyo haikatiki, nyaya za ukutani ndizo zitakazotangulia kuungua.

"Mwanangu, friji lanipiga," alisema bibi mwenye nyumba baada ya kuitikia shikamoo. Alishalizoea, halifungui bila ndala. Wanawe walitaka bodi ya kisasa yenye sakiti breka, wakiamini hiyo ndiyo dawa.

"Bi mkubwa, kwanza nione ethi inakokwenda," fundi akamjibu, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoustahili ujira wake. Waya wa kijani ulishuka ukutani hadi kwenye bomba la maji la chuma, ukabanwa kwa klipu iliyoota kutu. Zamani hiyo ilikuwa ethi nzuri, maana bomba la chuma lilitambaa ardhini mtaa mzima. Tatizo ni kwamba hatua chache kutoka ukutani bomba lilishabadilishwa likawekwa la plastiki. Kipimo cha ethi kilisoma zaidi ya ohm 1,000. Fundi bomba alikuwa ameondoa ethi ya nyumba nzima bila kugusa waya hata mmoja.

Wanaojifunza kwa video za mafundi wa Uingereza hupotea hapa. Kule nyumba nyingi hupewa ethi na kampuni ya umeme yenyewe, ama kupitia ganda la chuma la kebo ya ardhini, ama kupitia nyutro iliyozikiwa ethi sehemu nyingi njiani. Katika mpangilio huo wa pili, ukinzani wa njia ya hitilafu nje ya nyumba hutarajiwa usizidi ohm 0.35. Gawa volti 230 kwa hiyo, unapata ampea zaidi ya 650, na fyuzi ya sakiti ya kawaida ya nyumba inakatika haraka. Nyumba zetu nyingi zinategemea rodi iliyopigwa uani, na mkondo wa hitilafu unapaswa kurudi hadi transfoma kwa kupita kwenye udongo.

Fundi alipiga rodi mbili za mita 1.2, zikiachana zaidi ya mita mbili, upande wa bafuni ambako udongo haukauki upesi. Mkaa na chumvi alikataa, kwani chumvi husombwa na mvua na kabla ya hapo huwa imeshaanza kuila rodi. Kipimo kikashuka hadi ohm 46, matokeo mazuri kwa mchanga wa pwani. Sasa piga hesabu: 230 gawa kwa 46 ni ampea 5. Fezi ikigusa bodi (ganda la chuma) ya hita ya maji, ampea 5 zinakwenda ardhini, na breka ya ampea 32 inaziona kama mzigo wa kawaida. Haitakata hata kesho. Hita inabaki na karibu volti 230 juu ya ngozi yake, na LUKU inakula yuniti 27 kwa siku kwa kupasha udongo moto.

Ndiyo maana katika nyumba yenye rodi, kifaa kinachookoa maisha ni RCCB. Hiyo hulinganisha mkondo unaotoka kwenye fezi na unaorudi kwenye nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata. Kwa ohm 46, mkondo huo hauzalishi hata volti 2 kwenye bodi ya kifaa. Fundi alichagua boksi la plastiki, kwa sababu kipande cha kutoka mita hadi RCCB hakina mlinzi. Fezi ikichomoka hapo ikagusa boksi la chuma, hakuna kitakachokata. Lakiri za mita hakuzigusa. Fundi mwenye leseni ya EWURA kazi yake inaishia upande wa mteja, kwa hiyo TANESCO waliombwa wakate umeme kwanza.

Kuwasha ndiko kulikoleta maneno. Kila taa ya jikoni ilipowaka, RCCB iliruka. Mafundi wengi hapa huipita kwa kipande cha waya na kudai ni mbovu. Huyu alizima, akapima nyaya kwa volti 500, soketi moja baada ya nyingine. Kwenye soketi ya friji nyutro na ethi zilikuwa zimeunganishwa kwa kiwaya kifupi: mtu aliiona ethi imekufa akaazima nyutro. Kuanzia hapo bodi ya friji ilibeba volti zote za nyutro, na siku nyutro ya nje ingekatika, ingebeba 230 kamili. Kiwaya kikaondolewa, taa zikawaka.

Bibi alionyeshwa kitufe cha T, akibonyeze mara kwa mara. Kitufe hicho kinapima RCCB peke yake. Rodi hata ikatwe waya wake, kitaendelea kufanya kazi vilevile. Ethi inapimwa kwa mashine, na kipimo cha hapa kilichukuliwa masika, udongo ukiwa umelowa. Fundi ameahidi kurudi Februari jua likiwa kali. Atakuta namba imepanda, na hata ikifika ohm 200 miliampea 30 za kuikatisha RCCB hazitazalisha zaidi ya volti 6 kwenye bodi za vifaa.