Bwana Msa Usukumani: Riwaya Isiyo na Kurasa za Mwisho

Wahakiki wetu wana mazoea ya kuipita riwaya pendwa kama mtu anavyokipita kilabu cha pombe akiwa ameongozana na mkwewe: njia anaijua, waliomo anawajua, lakini anatazama upande wa pili. Darasani tunaambiwa kwamba hadithi za Muhammed Said Abdulla ni za upelelezi, kwamba Bwana Msa na kiko chake ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja, na Najum ndiye Watson wake. Baada ya hapo tunakwenda kwa Kezilahabi, na Bwana Msa anaachwa nje.

Sina ugomvi na maelezo hayo, ni ya kweli. Ila hayaelezi kwa nini watu wanampenda. Makala haya yanakusudia kuwaangalia mashabiki wa Bwana Msa, hasa wale wa kwetu Mkula, mkoa wa Simiyu, nami nikiwa mmoja wao. Hoja yangu ni kwamba sisi mashabiki tulimsoma Bwana Msa kinyumenyume kabisa, na kwamba kosa hilo si letu peke yetu. Mwandishi naye ana sehemu yake.

Mkula iko wilaya ya Busega, si mbali na Lamadi. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale niliyoikuta huko haikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikwishakwenda kusokotewa tumbaku. Tuliisoma hivyo hivyo. Jioni mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafasiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, na wafasiri wenyewe, jamani, hawakuwa waaminifu hata kidogo! Najum akiuliza swali moja la kijinga kitabuni, katika Kisukuma aliuliza matatu. Watu walicheka mpaka moto ukasahaulika.

Riwaya ile, kama mnavyokumbuka, inahusu tajiri ambaye maiti yake inakutwa kwenye mzimu, na watu wa pale wanaona mzimu ndio uliofanya kazi yake. Kwa kuwa mwisho haukuwepo, kila shabiki alikuwa na mwisho wake. Wengi walishika kwamba mzimu ndio ulioua, na Bwana Msa alikuja kuutuliza tu. Wako waliodai Bwana Msa mwenyewe ni nfumu, mganga mkubwa, na kile kiko si kiko cha kuvutia tumbaku bali ni pembe ya dawa. Mzee mmoja alimlinganisha na Ng'wanamalundi, yule wa kunyoosha kidole mti ukakauka, akaamua kwamba Msa ni mdogo kwake lakini atafika.

Hapo ndipo riwaya ya upelelezi ilipogeuka kuwa hekaya ya ajabu na vichekesho. Hatupaswi kushangaa. Msikilizaji wa Usukumani amelelewa na Masala Kulangwa, mtoto aliyelipasua zimwi Shing'weng'we lililomeza watu wote na ng'ombe wao, akawatoa wakiwa hai. Katika hadithi kama hiyo kicheko na ajabu vinakaa mkeka mmoja. Ajabu ipo ili ifurahiwe. Hakuna anayengoja mtu aje kuifichua kwamba ni uongo. Hata Emmanuel Mbogo alipoandika tamthilia ya Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988) aliitumia ajabu hiyo, hakuifutilia mbali. Basi Abdulla alipotupa mzimu, sisi tuliupokea kwa mikono miwili. Alipotaka kutunyang'anya, kurasa zenyewe hazikuwepo.

Nilipofika chuoni nikaipata nakala kamili. Nakiri kwamba nilisikitika. Bwana Msa anafumbua kila kitu: mzimu haukuua mtu, aliyeua ni binadamu, na chimbuko la yote ni mambo ya nasaba na siri za ukoo zilizofichwa miaka mingi. Likizo nikaichukua nakala hiyo mpaka nyumbani, nikawasomea sehemu ile iliyokosekana. Vijana walipiga miayo. Yule mzee wa Ng'wanamalundi akasema Msa wa kwenye kitabu kipya amepungua akili. Mtu mmoja tu, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita mayu, aliuliza swali. Alitaka kujua: mali ya marehemu nani angeipata?

Swali hilo lilinifanya nianze kuisoma riwaya upya. Kwanza nilitazama kwa nini vijana walipiga miayo, nikaona wana haki. Hofu ya mzimu katika riwaya hii inaonyeshwa kwa vitendo: mahali penyewe, maiti, watu wanaonong'ona. Ukweli wa Bwana Msa unaelezwa kwa mazungumzo marefu, watu wamekaa, mmoja anasema na wengine wanasikiliza. Kwa lugha ya darasani, fani imeegemea upande wa mzimu wakati maudhui yameegemea upande wa akili. Msomaji akichoka mapema, au panya akimtangulia, anabaki na mzimu. Huu ni udhaifu wa kisanaa, na mashabiki wa Mkula ndio walioufichua, wala si mhakiki yeyote niliyemsoma.

Pili, ni jambo lenyewe. Abdulla alikuwa bwana afya kwa miaka kumi kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari. Mtu wa kazi hiyo akiona ugonjwa haulizi ni nani aliyeroga, anauliza kisima kiko wapi na choo kiko wapi. (Baadaye, kuanzia 1958 hadi 1968, alihariri jarida la Mkulima. Sisi wakulima wa pamba tulikuwa wasomaji wake pande zote mbili!) Tabia hiyo ya kutafuta chanzo cha kidunia ndiyo aliyomrithisha Bwana Msa. Na chanzo chenyewe mara nyingi ni urithi: nani mtoto wa nani, nani anastahili nini.

Sasa tazama kwetu. Katika Usukuma wako vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni miaka yote. Sheria ya uchawi ipo tangu 1928, haikuzuia. Kuanzia 2007 Kanda ya Ziwa ikatikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino. Ukichimba nyuma ya neno "mchawi" si ajabu kukuta shamba, mifugo, au mjane ambaye shemeji zake wangependa aondoke. Yaani mwisho ule uliowachosha vijana ndio sehemu ya kitabu inayoifahamu Mkula kuliko zote. Mayu aliiona mara moja. Hata katika Masala Kulangwa, kwa namna mojawapo inavyosimuliwa, shujaa akipasua tumbo la zimwi anamkata sikio bibi kizee, na bibi huyo ndiye anayetaka kumroga. Tulikicheka kisa hicho utotoni bila kuuliza kwa nini daima ni bibi.

Nadhani Abdulla mwenyewe aliliona tatizo. Fuata majina ya vitabu vyake. Anaanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kilichotokana na ushindi wake katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, kisha Kisima cha Giningi (1968), na Giningi kwa Waunguja ni makao ya wachawi. Majina yote mawili yanauza hofu. Halafu inakuja Duniani Kuna Watu (1973). Jina hilo peke yake ni jibu kwa mawili yaliyotangulia. Kutoka hapo mzimu haurudi tena kwenye majina: Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), mpaka Kosa la Bwana Msa (1984), ambapo kwa jina lake tu mjuzi mwenyewe anakubaliwa kukosea. Mashabiki wa kwetu wanavijua viwili vya mwanzo tu, na wanavipenda kwa sababu ile ile ambayo mwandishi, naona, alikuwa anajaribu kuikimbia.

Wanaofundisha kwamba riwaya pendwa haina dhamira nzito waipeleke hoja hiyo kwa mayu.

Nakala yangu niliiacha Mkula ikiwa na mwisho wake. Kosa la Bwana Msa bado sijaipata. Mwenye nayo aniazime, nitairudisha na kurasa zote.