Matoleo ya Kale na Kazi ya Mhakiki: Mvuvi wa Izaak Walton na Rafu Zetu

Ukusanyaji wa matoleo ya kale ya vitabu haujapewa nafasi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Umeachiwa matajiri na wauza vitabu vikuukuu, kana kwamba mtu anayetafuta nakala ya kwanza ya kitabu hana tofauti na yule anayekusanya stempu au sarafu. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja yangu ni kwamba kitabu kilichopitia matoleo kadhaa si kitabu kimoja, na kwamba mhakiki asiyejua ni toleo gani aliloshika mkononi hajui bado anahakiki nini. Mfano mkuu nitautoa mbali, katika kitabu cha Kiingereza kuhusu uvuvi, kwa sababu historia yake ya matoleo imechunguzwa kwa undani ambao vitabu vyetu havijaupata. Baadaye nitarejea nyumbani.

Kitabu chenyewe ni The Compleat Angler cha Izaak Walton, yaani mvuvi aliyekamilika. Kilitolewa London mwaka 1653 na mchapishaji Richard Marriot, kikauzwa kwa peni 18. Kilikuwa kitabu kidogo cha kutiwa mfukoni, chenye sura 13 na picha za samaki, na jina la mwandishi halikuonekana katika ukurasa wa anwani. Walton (1593–1683) hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa mfanyabiashara wa London. Anafundisha kuvua kwa mshipi na ndoana katika mito midogo: chambo gani kwa samaki gani, msimu gani, na namna ya kumpika samaki akishapatikana. Mafunzo hayo yamewekwa katika mazungumzo, na katikati yake zimepachikwa nyimbo, sala, hadithi za njiani na sifa za malisho baada ya mvua. Tangu hapo kimechapishwa zaidi ya mara 300, na wakusanyaji wa kitabu hiki wamekuwa kabila lenye wanazuoni wake. Mwaka 1864 Thomas Westwood, aliyekuwa mkusanyaji, alitoa tarihi nzima ya matoleo yake. Mwaka 1970 Bernard Horne akatoa orodha iliyofika hadi mwaka 1967.

Hapa yafaa kutenganisha maneno mawili tunayoyachanganya. Chapa ni kurudiwa kwa matini ileile. Toleo ni matini iliyopangwa au kuandikwa upya. Kurasa za hakimiliki za vitabu vyetu huyatumia maneno haya kiholela, na mwanafunzi anayezitegemea hupotea. Walton alitoa matoleo matano katika uhai wake: 1653, 1655, 1661, 1668 na 1676. Hayakuwa chapa tu. Alikuwa akikiandika upya kitabu kilekile hadi alipokuwa mzee wa miaka 80 na ushei.

Badiliko kubwa ni la 1655. Katika toleo la kwanza wanaozungumza ni wawili: Piscator, yaani Mvuvi, na Viator, yaani Msafiri. Wanakutana njiani asubuhi ya mwezi wa Mei, na Mvuvi anamfundisha Msafiri. Miaka miwili baadaye Msafiri ametoweka. Nafasi yake imeshikwa na Venator, Mwindaji, na ameongezwa mtu wa tatu, Auceps, anayewinda kwa kozi. Sura zimefika 21. Sasa kitabu kinafunguliwa kwa mashindano: mwenye kozi anaisifu hewa, mwindaji anaisifu ardhi, mvuvi anayasifu maji, kila mmoja akidai kazi yake ndiyo bora. Mtu aliyelelewa katika fasihi yetu hahitaji kuelezwa utanzu huu. Ni malumbano: kila mmoja na hoja yake, na wasikilizaji ndio mahakimu. Auceps huaga mapema, lakini athari yake inabaki. Katika toleo la 1653 Msafiri hana cha kutetea, na kwa hiyo mafunzo yanamteremkia kama mvua juu ya paa. Katika lile la 1655 Mwindaji ana kazi anayoipenda, na inambidi Mvuvi kumvuta pole kwa pole. Usomaji wa mafunzo umegeuka kuwa usomaji wa kuongoka. Mhakiki anayesema kwamba wahusika wa Walton ni mdomo wa mwandishi tu huenda anasema kweli kuhusu 1653. Kuhusu 1655 amekosa shabaha.

Kwa nini Walton alimwondoa Msafiri? Swali hili lisingeweza kuulizwa ipasavyo kabla ya miaka ya 1950, na aliyetuwezesha kuliuliza ni mkusanyaji. Mwaka 1954 Carl Otto von Kienbusch, Mmarekani aliyekusanya vitabu vya uvuvi, alipata kijitabu cha mwaka 1577 kiitwacho The Arte of Angling. Ni nakala moja pekee inayojulikana duniani, na ukurasa wenye jina la mwandishi haupo. Baadaye wanazuoni walimtambua mwandishi kuwa William Samuel. Chuo Kikuu cha Princeton kilikichapisha mwaka 1956. Kijitabu hicho ni mazungumzo ya kufundisha uvuvi, na wanaozungumza ni Piscator na Viator.

Wapo waliopaza sauti ya wizi. Walton, walisema, alichukua majina, akachukua umbo, na alipohofia kugunduliwa akalibadili jina la pili. Siridhiki na maelezo hayo. Mtu anayetaka kuficha alichokiba hukianza na la kwanza, na Walton alimwacha Piscator palepale. Naona ni sahihi zaidi kusema kwamba mazungumzo ya kufundisha yalikuwa mali ya wote, kama bahari za ushairi zilivyo mali ya wote kwetu. Hakuna anayemshtaki mshairi kwa sababu utenzi wake una vina vitatu vya kati na kimoja cha bahari kama wa aliyemtangulia. Lililo la Walton ni kile alichokifanya mwaka 1655, alipotoka katika umbo alilorithi. Lakini ukubwa wa hatua hiyo hatungeupima bila nakala ile moja iliyonusurika. Hakuna nadharia ya uhakiki ambayo ingetupa jibu. Kilichotupa jibu ni karatasi.

Tarehe nazo zina neno. Walton alikuwa mfuasi wa mfalme na wa Kanisa la Uingereza. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa Januari 1649; Kitabu cha Sala kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1645; na Desemba 1653, miezi michache baada ya kitabu kutoka, Cromwell akatwaa madaraka kama Mlinzi wa dola. Mnamo 1651, baada ya wafuasi wa mfalme kushindwa Worcester, Walton alishiriki kukificha na kukivusha kito cha nishani ya mfalme kijana. Mtu wa namna hiyo anapoandika mwaka 1653 juu ya watu watulivu wanaokaa kando ya maji, wakiimba nyimbo za kale na kula kwa amani katika nyumba ya wageni, utulivu huo si wa mapumziko pekee. Ni maficho. Toleo la 1661 lilitoka mwaka mmoja baada ya ufalme kurejea, na sehemu kubwa ya maneno ni yaleyale. Lakini aliyekuwa amejificha sasa anastarehe. Chapa za bei nafuu za karne ya 20 kwa kawaida hutoa matini ya mwisho, ya 1676, na msomaji wake huipata starehe bila kuisikia hofu iliyoizaa.

Toleo hilo la 1676 lina jambo jingine. Ndani yake iliongezwa sehemu ya pili, iliyoandikwa na Charles Cotton, rafiki kijana wa Walton, kuhusu kuvua trauti na jamii zake katika maji maangavu kwa nzi bandia, yaani chambo kinachoundwa kwa manyoya na nyuzi. Walton mwenyewe alipenda zaidi chambo hai. Jambo hili linatuhusu sisi wa Bonde la Ufa na milima inayolizunguka kuliko inavyodhaniwa. Trauti hakuwa samaki wa mito yetu; aliletwa katika koloni mwaka 1905 na Ewart Grogan na kutiwa katika mito ya Aberdare, ili walowezi wavue kama walivyovua kwao. Desturi waliyoihamishia hapa ni ile ya Cotton. Hivyo anayemtaja Walton kama baba wa uvuvi huo anamtaja mtu asiyehusika sana, kwa sababu tu majina mawili yaliunganishwa katika jalada moja.

Baada ya Walton kufa kitabu kilisahauliwa hadi mwaka 1750, Moses Browne alipokitoa upya. Browne alikifufua na kukisafisha kwa wakati mmoja: alirekebisha lugha na nyimbo ambazo aliziona hazifai kwa masikio ya zama zake. Mwaka 1760 John Hawkins akatoa toleo jingine akiirudia matini ya 1676, na wahariri hao wawili wakawa mahasimu. Kwa karibu karne moja, basi, Mwingereza aliyesema amemsoma Walton angeweza kuwa amemsoma Browne. Usuluhishi wa kitaaluma ulifika mwaka 1983, Jonquil Bevan alipochapisha Oxford matini ya 1653 na ya 1676 katika juzuu moja. Hakuchagua iliyo bora. Alizitoa zote mbili, msomaji ajionee.

Ninaishi Dundori, kwenye viazi, kabeji na baridi, mbali na bahari. Nakala yangu ya Walton ni ya bei nafuu, imeliwa pembeni na mende, na niliinunua kando ya barabara mjini Nakuru pamoja na vitabu vya kilimo cha ngano. Thamani yake sokoni ni sawa na kilo chache za viazi. Nakala za 1653 huuzwa kwa maelfu mengi ya pauni, na sioni sababu ya kuzitamani. Matini zake tunazo kupitia kwa Bevan. Ninachokitamani ni kazi kama ya Bevan kufanywa kwa vitabu vyetu, na haiwezi kufanywa kama matoleo yenyewe yametupwa.

Na yanatupwa. Katika maktaba moja ya taasisi ambayo sitaitaja nilikuta rundo la vitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1950 vikisubiri kuchomwa. Sababu niliyopewa ni kwamba vilikuwa vichakavu na kwamba “tunazo nakala mpya za hivyohivyo.” Neno hivyohivyo ndilo tatizo lote.

Tazama Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Kilitolewa na Nelson mwaka 1949. Mwaka 1966, miaka minne baada ya mwandishi kufariki, kilitoka kimeunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini, na hicho ndicho kinachosomwa madarasani. Nimesahihisha insha nyingi zinazozungumzia “mtazamo wa mwandishi” katika kitabu hicho kana kwamba ni sauti moja ya siku moja. Kumbe nusu ya kwanza ni ya mtumishi wa serikali ya kikoloni wakati ambapo TANU haijazaliwa, na ya pili ni ya mtu aliyeuona Uhuru ukikaribia. Mshono uko wazi kwa aliyeshika nakala ya 1949. Kwa asiyeishika, mshono ni ukurasa wa anwani ya sehemu ya pili, ambao huurukwa.

Au tazama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Matini ya Taylor ilichapwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha sarufi cha Stigand. Hichens akatoa yake mwaka 1939. Allen akatoa yake mwaka 1977. Hazilingani neno kwa neno. Hata hivyo tasnifu baada ya tasnifu hunukuu “Al-Inkishafi” na nambari ya ubeti, kama aya ya msahafu. Hapa mkono wa mhariri ni mzito kuliko wa Browne kwa Walton, kwa sababu nyuma ya machapisho yote iko miswada ya hati za Kiarabu, na kila mnukuzi alikuwa msomaji mwenye rai yake.

Kisa cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe ni kigumu zaidi. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji, akaigeuza mwenyewe kuwa ya Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House kwa tarehe ya 1980, mwandishi akifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya kutoka Kikerewe, si kutoka Kiswahili. Basi msomaji wa Kiingereza na msomaji wa Kiswahili wanasoma matini mbili zenye nasaba tofauti, na mhakiki anayeipanga riwaya hii pamoja na riwaya za miaka ya 1980 ameipokonya miaka 35 ya umri wake.

Idara yoyote ya Kiswahili inaweza kuanza na rafu moja. Haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji mtu wa kuzunguka Nakuru, Mombasa na Tanga, na karani wa kuandika katika daftari mwaka, mchapishaji, idadi ya kurasa na alama za mikono ya waliokitumia kitabu. Nakala ya 1949 ya Maisha Yangu iwekwe kando ya ile ya 1966, na mwanafunzi wa uzamili wa kwanza atakayezichukua zote mbili apewe mwaka mzima kuzilinganisha, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kuruhusiwa kuandika neno “dhamira.”