Kinyago cha Kuuza na Kinyago cha Nafsi

Methali yanena, "Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi." Maana yake kila mwalimu aijua, lakini ni wachache waangaliao neno la kwanza. Kinyago katika methali hii si pambo la mezani. Ni kitu cha kutisha, sura ya kuvaliwa ngomani, iliyofichwa mpaka saa yake. Leo mtu akitaja vinyago mjini Dar es Salaam, asikiaye hufikiri mara moja duka na bei. Neno limesafiri kutoka jandoni mpaka sokoni, nasi yatupasa kuipima safari hiyo.

Wengi husema kwamba kazi ya sanaa ikiuzwa imekwisha kuharibika, na isiyouzwa ndiyo safi. Hukumu hii ni nyepesi mno. Na tuwatazame Wamakonde, wakaao pande zote mbili za mto Ruvuma, ambao ufundi wao wa kuchonga wajulikana mbali.

Kwanza, yako mapiko, yaani vinyago vya kichwani, vinavyochongwa kwa mti mwepesi kwa ajili ya ngoma za jando. Asili yake si biashara. Walakini mchongaji wake hakufuata moyo wake tu. Alikuwa na desturi ya kuitimiza, na watazamaji wenye kujua. Basi kutokuuza si sawa na kujifurahisha nafsi.

Pili, ziko kazi ndogo za nyumbani, kama bakora, na vikopo vya ugoro na dawa, ambavyo vizibo vyake mara nyingine huchongwa mfano wa kichwa cha mtu. Hapa ndipo furaha ya mchongaji ionekanapo wazi. Ugoro haumwagiki kwa kuwa kizibo hakina pua na masikio. Kipande kitupu cha mti kingalitosha. Aliyeongeza uso hakushurutishwa na haja ya chombo, bali kisu kilikuwa mkononi na moyo ulikuwa na nafasi. Hata kama kikopo kilibadilishwa baadaye kwa kuku, uso ule ulikuwa zawadi juu ya bei.

Tatu, kuna kazi za mpingo. Katika miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde waliokuwa Dar es Salaam waliuza kazi zao kwa wafanya biashara, ambao mmoja wao, Mohamed Peera, atajwa sana. Mpingo ni mzito, haufai kuchezwa nao kichwani. Wafaa kuwekwa na kutazamwa. Wengi wakachonga sura zile zile, kwa kuwa ndizo zilizonunuliwa. Lakini katika soko hilo hilo Samaki Likankoa alitokeza mashetani yake, maumbo yaliyopotoka viungo, yasiyofanana na yale yaliyozoeleka. Kisha mashetani nayo yakapata wanunuzi, na wengine wakayafuata. Hivyo wazo la mtu mmoja likawa agizo la wengi.

Basi swali letu lisiwe, "Je, kitu hiki kimeuzwa?" Bali liwe, "Ni nani aliyesema kwamba kimekwisha?" Achongaye kwa kuuza tu huacha kisu pale mnunuzi atakaporidhika, achongaye kwa furaha huendelea mpaka yeye mwenyewe aridhike. Lakini huyu naye ana hatari yake, na methali yetu yamwonya: kinyago chake hakimtishi. Ajipendezaye peke yake aweza kuyasamehe makosa yake yote. Kwa hiyo furaha yataka jicho la mwenzi ajuaye kazi, asiye na fedha mkononi.

Neno hili ni letu sisi tufundishao. Kazi za mikono zikipangwa zote kwa ajili ya mnada wa shule, mtoto atajifunza kusuka na kuchonga, lakini hatajua kamwe mkono wake ungalifanya nini kama usingaliagizwa. Hatusemi mnada ukomeshwe. Fedha zake zina haja, na fundi astahili ujira wake. Twasema kila mwanafunzi apewe kipande kimoja cha mti kisicho na bei, akichonge apendavyo, wenzake wakitazame na kumwambia kweli, kisha akichukue kwao. Huenda kikawa kibaya. Lakini atakuwa amekitilia pua na masikio pasipo kuambiwa.